Baba Alivyokataa Kurudisha Wakati

Mtaalamu wa viungo wa hospitali ya Kericho alimpa baba yangu mpira mdogo wa kijani, laini kama nyanya iliyoiva, akamwambia aufinye kwa mkono wa kushoto mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni. Baba aliutazama ule mpira, akamtazama yule dada ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, akautia mfukoni. Tulipofika nyumbani akampa mbwa.

Hiyo ilikuwa Novemba. Mwezi mmoja kabla yake kiharusi kilikuwa kimempata akiwa shambani, katikati ya majani chai, kikamwangusha upande wa kushoto. Mdomo ulinyooka baada ya wiki mbili. Mguu nao ulirudi polepole, kwa msaada wa fimbo na matusi. Mkono ulikataa. Ulining'inia pale kama sweta aliyoivua nusu akasahau kumaliza, na Baba akauacha ukae hivyo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya upili ya kutwa, upande wa Kimulot, kule ambako mashamba ya chai yanapanda mlima hadi yanagusana na msitu. Ndoa yangu ilipoisha nilirudi kwa wazazi nikidhani nitakaa miezi mitatu. Sasa ulikuwa mwaka wa pili, na kiharusi kilipokuja kilinikuta palepale, mtoto pekee aliye karibu. Kwa hiyo kazi ya mkono wa Baba ikawa yangu. Daktari alikuwa ameandika kila kitu kwenye karatasi, nami nikaibandika ukutani karibu na meza ya kulia. Apukuchue mahindi kwa mkono wa kushoto. Akande unga. Afunge vifungo vya shati mwenyewe.

"Baba, mahindi ndiyo haya."

"Nimeyaona."

"Daktari amesema ujaribu."

"Daktari aje ayapukuchue."

Baba alikuwa msimamizi wa wachumaji wa majani kwa zaidi ya miaka thelathini, mtu wa firimbi na daftari, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kumwagiza afanye kitu mara hamsini. Nilimbembeleza. Nilimkemea. Nilimnunulia mpira wa pili, mwekundu, nao mbwa akaupata. Siku moja nilikaa mbele yake nikamshika vidole mwenyewe, kimoja baada ya kingine, nikivikunja na kuvikunjua, naye akageuza uso dirishani kama mtu anayesubiri gari la majani lipite. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa anakamua ng'ombe, anachuma chai na kumvalisha soksi, hakuwa na subira ya kuongeza.

"Mkono ni wake," aliniambia jikoni. "Kama hautaki, aukate tupumzike."

Krismasi ikaja, na pamoja nayo ndugu yangu mdogo, yeye anayetengeneza simu na vyombo vya umeme mjini Bomet. Alikuja na mbuzi nusu, mkate wa siagi na begi lenye mashine ya gemu. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu. Mteja alikuwa ameitelekeza kwake ikiwa mbovu, yeye akaifufua. Ilikuwa na diski moja tu, na alitaka kuichezea kwenye TV yetu kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko yake.

Ulikuwa mchezo wa bunduki. Humwoni mtu unayemchezesha. Unaona mikono yake tu mbele yako, kana kwamba ni yako, mmoja umeshika bunduki na mwingine umevaa glavu ya chuma inayowaka taa ya buluu. Kuna mji umevunjika, kuna askari wabaya wamejaa kila kona, na hiyo glavu ndiyo inayokusaidia: inasimamisha wakati. Pia inaweza kuurudisha nyuma.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti, akijifanya anasikiliza redio.

"Hiyo ni nini?" aliuliza mwishowe.

"Gemu, Mzee," ndugu yangu akajibu. "Ona. Nikibonyeza hapa na kidole hiki cha kushoto, wakati unasimama."

"Wakati wa nani?"

"Wa kila mtu. Isipokuwa mimi."

Baba alizima redio. Kwenye TV risasi zilikuwa zimeganda hewani kama nzi waliolewa moshi, na askari mmoja alikuwa amening'inia katikati ya kuruka, mdomo wazi. Ndugu yangu akamzunguka, akaachilia kidole, na mambo yote yakalipuka kwa pamoja.

"Lete hapa," Baba akasema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya maziwa. Nilimwona akipokea ile padi ya kuchezea na kuiweka juu ya paja. Akauinua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka mahali pake, na kidole cha shahada akakilaza juu ya kitufe kama mtu anayelaza mtoto. Kidole hakikufanya kitu. Akauawa. Ndugu yangu akacheka akasema, "Mzee, umechapwa." Mchezo ukaanza upya, akauawa tena. Mara ya tano au ya sita, nikaona kile kidole kikitetemeka, kikijikunja kidogo sana, na kwenye TV dunia nzima ikasimama.

Nilipaswa kufurahi. Ninakumbuka vizuri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Wiki saba nilikuwa nimemwomba akunje hicho kidole. Nilikuwa nimekiombea kanisani mbele ya watu. Na sasa alikuwa amekikunja ili asipigwe risasi na katuni.

Ndugu yangu alirudi Bomet bila mashine yake. Baba alimwambia aiache, na jinsi alivyolisema hilo hapakuwa na mjadala.

Shule zilipofunguliwa Januari, nyumba yetu ilikuwa imekuwa uwanja wa vita. Nilikuwa ninarudi saa kumi na moja, miguu imejaa matope, na kabla sijafika kwenye lango ninasikia milipuko. Baba alikuwa ameisogeza ile meza yenye karatasi ya daktari ili kiti chake kikae mbele ya TV moja kwa moja. Alikuwa ananyamaza pale palipo na kelele na kupiga kelele pale wakati uliposimama. "Simama hapo! Na wewe! Weka chini!" Mgeni aliyepita barabarani angedhani amerudi kazini.

Namna yake ya kucheza ilinikera kuliko kelele. Hakuwa anawapiga askari risasi, au aliwapiga wachache sana. Alikuwa anausimamisha wakati, kisha anaenda kwa askari mmoja mmoja akiwapokonya bunduki kutoka mikononi, jambo ambalo mchezo unaruhusu. Akishamaliza safu nzima anaachilia kidole, nao wanabaki wameshika hewa, wakiangaliana. Hapo Baba anacheka. Lakini kidole chake kilikuwa hakiwezi kubana kwa zaidi ya sekunde tatu nne, kwa hiyo mara nyingi alikuwa amempokonya wa kwanza na wa pili, wa tatu anaamka na kumuua.

"Wapige tu, Baba," nilimwambia siku moja nikisahihisha madaftari. "Ndiyo mchezo wenyewe."

"Hujui wana watoto?"

"Hawana watoto. Ni picha."

"Basi kama ni picha, wewe unapiga kelele ya nini?"

Halafu kulikuwa na stima. Huku kwetu, mvua ikija alasiri, na huja karibu kila alasiri, stima huenda nayo. Mchezo ule wa zamani hukumbuka ulipofika tu ukimaliza sura nzima. Stima ikipotea katikati, unarudi mwanzo wa sura. Baba angecheza tangu saa sita, apite ghala, apite reli, afike karibu na mlango wa mwisho, na saa tisa radi inapiga upande wa msituni, TV inakuwa nyeusi. Nyumba nzima ilikuwa inasikia jina la Mungu. Nami nikirudi kutoka shuleni, ananigeukia mimi.

"Mwalimu, pigia watu wa stima simu."

"Niwaambie nini, Baba?"

"Waambie niko katikati ya kazi."

Nilikwenda kulalamika kwa Mama. Nilimwambia mtu mgonjwa hawezi kushinda mbele ya TV akipigana, moyo wake utapasuka. Mama alikuwa anasugua sotet, kile kibuyu cha maziwa, kwa ufito, wala hakuinua kichwa.

"Mwache boiyot wa watu," alisema, yaani mzee. "Tangu aanze vita vyake, mimi nimepata amani."

Nilitegemea kanisa lingenisaidia. Jumamosi moja mzee wa kanisa, rafiki ya Baba tangu ujana wao, alikuja kumwombea. Alikuwa amesikia habari za bunduki, na nikaona usoni mwake kwamba amejiandaa. Nilimpa chai, nikatoka kwa heshima nikasimama nyuma ya mlango. Kweli alianza vizuri. Alizungumzia umri, mfano kwa vijana, na mwisho mwema wa Mkristo. Baba alikuwa anasema "ndiyo, ndiyo" huku anabonyeza. Kisha nikasikia sauti ya mzee wa kanisa, ya chini, ya mtu anayetoa siri:

"Huyo nyuma ya pipa, umemwona?"

Aliondoka baada ya saa mbili. Kuomba waliomba, nadhani, lakini kwa ufupi.

Mwezi wa Machi Baba alikwama. Alikuwa amefika kwenye daraja. Daraja lilikuwa limelipuliwa, vipande vyake viko chini bondeni, na ng'ambo ndiko mchezo unakoendelea. Aliuzunguka ule ukingo siku nne. Alitafuta njia ya chini, akaanguka akafa. Alijaribu kuruka, akafa. Alimpigia ndugu yangu simu, na nilisikia jibu kwa sababu Baba huweka simu kwa sauti kubwa.

"Mzee, hapo si unarudisha tu wakati nyuma. Ile daraja inajijenga yenyewe, unapita. Iko simple."

"Kurudisha siwezi."

"Kwani kidole bado?"

"Kidole ni jambo jingine. Sirudishi."

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwa nimeligundua miezi yote mitatu: Baba hakuwahi kutumia ile nguvu ya kurudisha nyuma. Hata mara moja. Mtu yeyote mwingine, akipigwa risasi, hubonyeza, wakati unarudi sekunde chache, anakwepa. Ndiyo maana ya glavu. Yeye alikuwa anakufa na kuanza sura upya, mara ishirini, mara thelathini, na kunilaumu mimi kwa stima, wakati ambapo angeweza kumaliza kila kitu kwa wiki moja.

"Kwa nini, Baba?" nilimwuliza. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimetoka kusimamia mtihani wa kidato cha tatu ambao nusu ya darasa ilikuwa imeandika majina yao tu. "Kwa nini usibonyeze?"

"Huo ni uongo."

"Kusimamisha si uongo?"

"Kusimamisha ni kupumzika. Hata kazini tulikuwa tunasimama. Lakini mtu akishapigwa, amepigwa. Huwezi kusema hukupigwa."

"Hakuna aliyepigwa! Ni daraja! La picha!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

Nilitoka nje nikakata majani ya ng'ombe kwa panga hadi mikono ikauma. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, na nilikuwa nimegombana na baba yangu kuhusu daraja ambalo halipo.

Wiki mbili alikaa pale ukingoni. Hakuzima, hakurudi kwenye mahindi wala mpira. Aliketi akilitazama bonde. Mwishowe Mama ndiye aliyeamua. Alikuwa anapita na ndoo, akasimama, akatazama TV kwa muda mrefu kidogo, akauliza shida ni nini. Nilimweleza. Aliweka ndoo chini.

"Daraja si mtu," alimwambia Baba. "Daraja likivunjika linatengenezwa. Lile la kule mtoni si mlilitengeneza? Mlisema ni uongo?"

Baba alifikiri. Alisubiri hadi Mama akabeba ndoo yake na kuondoka. Kisha akasema, kana kwamba wazo ni lake, "Daraja ni tofauti."

Lakini kurudisha kulihitaji vidole viwili vya kushoto vibanwe kwa pamoja, cha shahada na cha kati, bila kuachilia, mpaka kipande cha mwisho kiinuke kutoka bondeni na kushika mahali pake. Nilihesabu: sekunde kumi na mbili. Kidole cha kati cha Baba kilikuwa hakijasogea tangu Oktoba.

Likizo ya Aprili ilikuwa imeanza, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kukimbilia. Kila siku baada ya chakula cha mchana alinigongea mlango kwa fimbo. "Mwalimu. Njoo unishikie hiki kingine."

"Kidole ni chako, Baba. Shika mwenyewe."

"Hakishiki."

"Hakitashika kama ninakushikia mimi."

Nilikuwa ninasema kweli, karatasi ya daktari ilisema hivyohivyo, lakini sitajidanganya kwamba nilikataa kwa ajili ya afya yake. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimechoka kuitwa. Naye alirudi kwenye kiti chake akajaribu. Vipande vya daraja vingeinuka kutoka bondeni, viwili, vitatu, vikining'inia hewani vikitafuta mahali pake, kisha kidole kinateleza, navyo vinaanguka tena kwa kishindo. Mchana kutwa nilikuwa ninasikia daraja lile likiporomoka, na kila likiporomoka ninasoma mstari uleule wa kitabu changu.

Siku moja katikati ya likizo hiyo nilijisalimisha, nikaenda kukaa karibu naye, si kumshikia, kumhesabia tu. Alifika sekunde tisa. Kwenye sekunde ya tisa mvua ya mawe ikaanza, stima ikaenda.

Aliyewahi kukaa chini ya mabati mvua ya mawe ikinyesha Kimulot anajua kwamba hapo mazungumzo yanakwisha. Unaona midomo tu. Tulikaa gizani mchana, Baba na padi yake iliyokufa mapajani, mimi nikifikiria majani yatakavyokuwa yamechanika kesho. Na hapo, sijui kwa nini ni hapo, pengine kwa sababu nilidhani hatanisikia, nikasema lile nililokuwa nimelibeba tangu Oktoba.

Asubuhi ya kiharusi, Baba alikuwa mezani na kikombe cha chai. Alisema, "Mkono huu umeshikwa na ganzi tangu jana." Mimi nilikuwa ninafunga viatu. Mitihani ya kitaifa ilikuwa inaendelea na nilitakiwa kuwa shuleni kabla ya saa moja. Nikamjibu, "Baba, kila siku una kiungo kinachouma," nikachukua mkoba, nikaenda. Mama alimkuta kati ya mistari ya chai saa nne. Hakuna mtu aliyejua nilichomjibu isipokuwa mimi na yeye, na yeye hakuwahi kulitaja.

"Nisamehe kwa ile asubuhi," nilisema.

"Nini?"

"Nimesema unisamehe!"

"Sikusikii! Sema kwa nguvu!"

"NISAMEHE! Kwa ile asubuhi! Uliniambia mkono una ganzi, nikakudharau!"

Nililazimika kupiga mayowe. Ombi la msamaha nililokuwa nimelifanyia mazoezi miezi sita kwa maneno ya upole nililitoa kama mtu anayefukuza nyani shambani. Baba alinitazama. Mawe yalikuwa yanaruka mlangoni, meupe, yakibingirika hadi kwenye zulia.

"Nilikusikia siku ile!" akanijibu, naye akipiga mayowe. "Nilikasirika! Nilienda shambani ili nikuonyeshe kwamba mimi si mgonjwa!"

"Nini?"

"Nilisema nikuonyeshe! Mama yako aliniambia nipumzike! Nikakataa! Nilikuwa na hasira na wewe mstari mzima wa majani, mpaka mwisho, halafu nikaanguka!"

Sikujua nicheke au nilie. Miezi sita nilikuwa nimejilaumu kwamba nilimwacha mgonjwa mezani, kumbe mgonjwa alikuwa ametoka mbio kunikomoa. Nilimwuliza, kwa sauti ileile ya juu, kama ile hasira imeisha.

"Ingekuwa imeisha," alisema, "kama ungekuwa unanishikia hiki kidole!"

Mawe yalipungua yakawa mvua ya kawaida. Tuliona aibu kidogo, kama watu waliokutwa wakiimba. Baadaye Mama aliingia amejifunika gunia kichwani, akatuuliza tulikuwa tunagombana nini hadi amesikia akiwa kwa ng'ombe. Baba akamwambia tulikuwa tunazungumza.

Kesho yake stima ilirudi. Nilikaa upande wake wa kushoto bila kuitwa. Niliweka kidole changu juu ya kidole chake cha kati, nikakandamiza, na chini ya changu nikahisi chake kikijaribu, hafifu, kama kifaranga kinachogonga ganda. Tulihesabu pamoja. Vipande vikapanda kutoka bondeni, vyuma na mawe na nguzo, vikashikana, na daraja likasimama. Baba hakuvuka. Aliachilia, likaporomoka.

"Baba!"

"Hilo ni lako. Sasa langu."

Ilimchukua siku tisa zaidi. Sikuwepo alipovuka, nilikuwa nimeenda Mulot kwa mazishi ya mama wa mwalimu mwenzangu, na niliporudi nilimkuta tayari yuko ng'ambo, anawapokonya watu bunduki katika mji mwingine, hana hata muda wa kunisimulia.

Mwezi wa Mei tulirudi kliniki Kericho. Yule dada mtaalamu alimpa Baba kikombe akishike, kalamu aiokote, kifungo akifunge. Akamwambia ashike mkono wake akaze, naye Baba akakaza hadi yule dada akatabasamu kwa maumivu.

"Mzee, hii ni kazi nzuri sana. Wengi hawafiki hapa. Umekuwa ukifanya nini?"

Nilifungua mdomo. Baba alinitangulia.

"Ule mpira," alisema. "Mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni."

Yule dada alinigeukia mimi kunipongeza kwa kumsimamia vizuri. Nilimtazama baba yangu, yeye akatazama bango la kunawa mikono lililokuwa ukutani. Ndani ya gari, njia yote ya kurudi, nilimwuliza mara tatu kwa nini amedanganya. Mara ya tatu akanijibu: "Ulitaka nimwambie napigana?"

Mchezo wenyewe uliisha Juni, alasiri ya kawaida, bila mvua. Kumbe adui mkuu alikuwa mtu yuleyule aliyetengeneza glavu. Baba alimpokonya silaha, akamwacha amesimama. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda juu kwa lugha mbalimbali, naye akayasoma yote akisubiri, hadi TV ikarudi mwanzo.

"Imeisha?"

"Imeisha, Baba. Umeshinda."

"Hii tu?"

Alimpigia ndugu yangu simu akalalamika kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na maziwa. Kisha akachomoa waya mwenyewe, akauzungusha vizuri kwenye mashine, kwa mikono miwili, akaitia kwenye begi.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili, aligonga mlango wangu. Nilidhani ameumwa. Nilitoka mbio bila viatu. Alikuwa amevaa buti za mpira na koti lake la zamani la kazi, vifungo vyote vimefungwa.

"Nani aliweka ua pale chini?"

Nikamwambia ni mimi. Wakati alipokuwa mgonjwa ng'ombe wa jirani walikuwa wanaingia kwenye nyasi zetu za napia, nikaweka nguzo na waya, Jumamosi mbili nzima, nikisaidiwa na Mama tu. Nilikuwa nikijivunia ule ua.

"Umepinda," akasema. "Na nguzo ziko mbali mbali. Ng'ombe atapita anaimba."

"Ua huo umezuia ng'ombe miezi mitano, Baba."

"Ng'ombe wa hapa ni wavivu. Vaa viatu."

Tuliteremka kwenye umande, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma nikinung'unika kwa sauti ya kutosha asikie. Alikuwa amekwisha kung'oa misumari ya nguzo tatu kabla hajaniamsha. Ua wangu ulikuwa umelala chini kwenye nyasi. Nilimwambia kwamba nina somo saa mbili, kwamba mtu anayetoka kuugua hafanyi kazi kabla ya chai, kwamba angeweza angalau kuniuliza. Aliuokota ule waya kwa mkono wa kushoto, akauzungusha mara moja kwenye kiganja, akaurudisha nyuma hatua mbili hadi ukakaza.

"Shika huko," akasema. "Na usiachilie mpaka niseme."

Nikashika.